Nililala Mwanyumba Akiendesha

Lori langu la kwanza Saudia lilikuwa na mapazia ya kijani. Mke wangu aliyashona Mombasa, nikayabeba sandukuni niliporudi kutoka likizo. Nilikuwa nimemwambia kwamba jua la huku halina adabu, linamfuata mtu mpaka kitandani nyuma ya kiti, naye akapima madirisha kwa kukisia tu kwa maelezo yangu ya simu. Yakatosha sawasawa. Kafili wangu, yaani mwajiri aliyenidhamini, mzee mwenye ndevu za hina ambaye sote tulimwita baba, alipoyaona aliupiga ubavu wa lori kwa kiganja akacheka.

"Hili si gari tena, hii ni nyumba yako," aliniambia. "Madamu mimi ni hai na wewe uko kwangu, hakuna wa kukutoa humu."

Niliyachukua maneno yale nikayaweka moyoni kama mtu anavyoweka akiba.

Kazi yangu ilikuwa safari ndefu, peke yangu. Nachukua kontena Bandari ya Jeddah, napanda na barabara ya Sail hadi Taif, kisha jangwa linafunguka mpaka Riyadh. Siku nyingine naendelea Dammam, siku nyingine wananipeleka kaskazini mpaka karibu na mpaka wa Jordan. Kabla ya hapo nilikuwa dereva wa Mombasa kwenda Kampala, na huko hata ukitaka kuwa peke yako hupati: kuna polisi, kuna mizani, kuna wauza mahindi, kuna madereva wenzako wanaokupigia honi ukiwa chooni. Huku nilikutana na ukimya. Mwanzoni uliniogopesha. Baadaye nikaupenda kiasi kwamba nikirudi chumbani Jeddah, tunakolala wanne, kichwa kiliniuma kwa maneno ya watu.

Nikichoka naegesha. Nikiamka naondoka. Nilikuwa na jiko dogo la gesi, sufuria moja, mkeka wa kuswalia, na mahata zangu njiani, yaani vituo vya mafuta, ambako wauza chai walinijua kwa uso. Mke wangu alinitumia sauti kwenye simu, nami nilizikusanya bila kuzisikiliza mpaka nifike sehemu iliyonyooka baada ya Dhalim. Hapo ndipo nilipozifungua moja moja, habari za karo, za jirani, za paka aliyezaa kwenye kabati la nguo, na mimi namjibu kwa sauti kubwa kana kwamba amekaa kiti cha pili.

Mwanyumba wangu alikuja kupitia kwangu. Yeye ndiye aliyemwoa mdogo wake mke wangu, na kwao, ukoo wa wakwe zetu, sisi wawili ndio waume pekee, kwa hiyo kila shughuli ikituweka mkeka mmoja. Alikuwa akiendesha malori ya mchanga Mombasa, kazi za leo ipo kesho haipo. Mkewe alinililia kwenye simu: "Shemeji, mvute na yeye huko." Nikaenda kwa mzee, nikamwambia huyu ni damu yangu, nakudhaminia. Mzee hakuuliza mara mbili. Viza ikatoka.

Nilimpokea mwenyewe uwanja wa ndege. Nilimpa godoro langu mimi nikalala chini mpaka alipopata lake. Nilimfundisha maneno ya Kiarabu ya kazini, nikamfundisha upepo wa ubavuni unavyosukuma kontena tupu, na tairi likipasuka kwenye joto usikanyage breki, shika usukani tu uache gari lijichokee lenyewe. Alikuwa mcheshi. Chumba kizima kilimpenda. Alikuwa akimwigiza askari wa getini pale bandarini mpaka Wapakistani, ambao hawajui neno moja la Kiswahili, wanashika mbavu.

Kisha mzee akazeeka, mwanawe akashika kampuni.

Kijana yule hakuwa mbaya wa mdomo. Alitukusanya yadi asubuhi moja, akatununulia maji baridi, akatueleza kwa utaratibu kwamba dunia imebadilika. Wateja hawasubiri. Lori likilala, mzigo nao umelala. Kuanzia sasa hakuna dereva wa safari ndefu peke yake. Wengine watakuwa wawili wawili, mmoja anaendesha mwenzake analala nyuma, gari halisimami ila kwa mafuta na swala. Wengine watafanya safari za karibu: bandarini, Makka, Taif, na jioni warudi vyumbani.

"Hata nyinyi mtapumzika," alisema. "Jioni mtakuwa nyumbani."

Nilitazama huku na huku nione nani ana nyumba Jeddah. Hakuwepo.

Lori langu likauzwa. Niliyatoa mapazia, lakini katika magari mapya hayakuingia, yana vioo vya namna nyingine. Siku hiyohiyo mwanyumba alinifuata jikoni.

"Kaka, usikubali kupangwa na mtu humjui," alisema. "Utalalaje na mgeni anakuendesha? Nichukue mimi. Mimi na wewe tumeshalala chini ya dari moja, kabini itatushinda?"

Nikaona ana haki. Nikaenda kumwomba mudir, msimamizi wa safari, na tukapewa gari jipya. Kwa kuwa nilikuwa wa zamani, gari liliandikwa kwangu, na mimi ndiye niliyekuwa nikipanga zamu na mapumziko.

Watu wanafikiri ugumu wa kuendesha wawili ni kazi. Ugumu ni usingizi. Umelala kwenye kitanda chembamba, umefungwa mkanda usirushwe, mwili wako unakwenda mbio na mguu wako haufikii breki. Safari za mwanzo sikufumba jicho. Kila alipobadilisha gia nilisikia, kila alipopita ukingo wa barabara matairi yakapiga kelele nilikuwa nimeshakaa. "Lala, kaka, sikuui," alikuwa akisema bila kugeuka. Taratibu nikamzoea. Nikaijua miguno yake, nikajua akianza kuimba maulidi kwa sauti ya puani ndio yuko macho kabisa. Ikafika mahali nalala Taif naamka Riyadh inakaribia, jambo ambalo katika maisha yangu yote sikuwahi kumfanyia mtu mwingine yeyote. Hata mke wangu akiendesha gari la kaka yake pale Nyali, mimi hukaa macho.

Ni kwa sababu hiyo nikamwambia.

Tulikuwa tumesimama mahata moja baada ya Dhalim, jua limeanza kulegea. Alikuwa akimimina chai, anaitia sukari kama kawaida yetu watu wa pwani, nikakifunika kikombe changu kwa mkono. Akashangaa. Nikamweleza kwamba nilikwenda kliniki Jeddah kwa sababu ya kiu isiyokwisha, na daktari Mmisri amenikuta na sukari. Alinipa vidonge, akanikataza nisikae na njaa, akasema naweza kuendesha bila wasiwasi nikifuata masharti.

"Nakwambia wewe kwa sababu unalala nyuma yangu," nilisema. "Ukiniona natoka jasho la baridi au natetemeka, nisimamishe. Usiogope kunisimamisha. Na nyumbani usiseme. Baba mkwe unajua alivyokufa kwa sukari, alikatwa mguu mmoja kwanza, kisha wa pili. Mke wangu nitamwambia mwenyewe uso kwa uso nikienda likizo."

Alinishika mkono akaubana. "Siri yako ni siri ya nyumba moja," alisema. "Hata mke wangu hataisikia." Akaimwaga ile chai yake ya sukari mchangani, akanywa isiyo na sukari pamoja na mimi. Jambo lile lilinigusa sana. Mpaka leo sijui kama alilifanya kwa moyo au la, na nimelifikiria kuliko mambo mengi yenye maana zaidi.

Baada ya hapo zilipita safari kadhaa. Sikutetemeka hata mara moja. Nilibeba karanga na mkate wa ngano, nikala kwa wakati, nikameza dawa. Kitu pekee nilichokiona ni kwamba simu yake alianza kuipokelea nje ya gari. Nikadhani ni mambo ya mke na mume.

Asubuhi moja tuliingia Riyadh na mzigo wa vipuri. Nilikuwa sijanawa uso, mudir wa Riyadh akapiga simu: nifike ofisini Al-Murabba, mara moja. "Nenda tu, kaka," mwanyumba aliniambia. "Mimi nitasimamia kushusha." Nikapanda teksi na shati la safari, nikidhani ni mambo ya kuongeza muda wa ikama, kibali changu cha kuishi.

Mudir alikuwa mtu wa makamo, mpole, anayependa kukwambia jambo baya huku anakusukumia sahani ya tende. Zile tende nilizitazama tu.

"Tumesikia unaumwa," alisema.

"Nina sukari. Daktari ameniruhusu kuendesha."

"Tumesikia unasinzia. Tumesikia umeanguka juu ya usukani karibu na Quwaiya, mwenzako akaruka kutoka kitandani akalishika gari."

Niliirudisha sahani ya tende upande wake. Karibu na Quwaiya siku zote alikuwa anaendesha yeye. Ndivyo nilivyopanga zamu, kwa sababu mimi nilipenda kushika usukani mbele yake, kwenye milima ya Tuwaiq, nikiwa nimeshalala vizuri.

"Nani kasema?"

"Mafi muhimu, si muhimu nani kasema."

"Ni muhimu kwangu. Nipimeni. Nipimeni leo hii, na gari lina kamera, angalieni kamera."

"Utapimwa Jeddah, inshallah. Kwa sasa halas, safari ndefu basi. Utafanya safari za bandarini. Kazi hujafukuzwa."

Nilitoka kwenye korido nikampigia mzee, baba wa ndevu za hina, mwenye ile ahadi. Alipokea kwa sauti ya mtu aliyeamshwa. Nilimweleza yote, nikamkumbusha na maneno yake, ingawa niliona haya kumkumbusha. Akavuta pumzi.

"Mwanangu ndiye anayeamua siku hizi," alisema. "Kazi unayo. Mshukuru Mungu." Kisha akaniuliza kama watoto wangu hawajambo, nikamwambia hawajambo, akakata.

Niliporudi yadi, mzigo ulikuwa umeshashushwa na gari limeshapakiwa mwingine. Begi langu lilikuwa limewekwa kwenye kidato cha mlango. Sikuhitaji kuuliza kitu. Soksi nilizofua jana yake na kuzianika nyuma ya kiti zilikuwa zimekunjwa mbili mbili. Mashati yamekunjwa. Mkeka umeviringwa, umefungwa kwa kamba. Mwanyumba wangu ni mtu ambaye hata kanzu yake ya Idi nilimpigia pasi mimi. Mtu huyo hakunji soksi za mwenzake kwa haraka ya simu iliyopigwa sasa hivi; alijua mapema. Na juu kabisa ya begi, katika mfuko wa nailoni unaoonyesha, aliviweka vidonge vyangu, pale madereva wote wanapopita.

Kwenye kiti changu alikuwa amekaa dereva mwingine, Mkenya wa bara niliyemwona mara mbili tatu Jeddah, tena amekwisha kubandika simu yake mbele ya kioo. Alikuwa amekuja Riyadh na gari lililotutangulia. Aliangalia chini. Yeye simlaumu.

"Kaka," mwanyumba alianza, "wamenipigia sasa hivi tu, wakaniambia nikushushie vitu."

"Umenishushia," nilisema, "au umenishusha?"

Akapiga teke tairi kama anayekagua upepo. "Wallahi sikujua."

"Usiape. Karibu na Quwaiya nani huendesha?"

Alitazama getini, ambako mtu wa yadi alikuwa akipunga mkono na kupiga kelele za yalla, yalla. Akapanda upande wa dereva, akafunga mlango bila kuupiga, taratibu, kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto, na wakaondoka. Nikabaki na begi miguuni, watu wanaendesha foklifti wananizunguka kama nguzo.

Nilirudi Jeddah kwa basi. Barabara yangu, niliyoijua kila bonde lake, niliipita nimekaa kiti cha dirishani nyuma ya mwanamke aliyekuwa akimbembeleza mtoto. Tulipokuwa tunateremka Tuwaiq mke wangu akapiga. Alikuwa analia.

"Una sukari?" aliniuliza. "Una sukari, na mimi naambiwa na mdogo wangu sokoni, watu wanasikia?"

"Amekwambia nini?"

"Kwamba mumewe amesema umeanza kuanguka. Kwamba ulitaka kuwaua wote wawili. Kwamba amekuwa akikuombea kwa mabosi wasikurudishe nyumbani. Ameniambia tangu wiki iliyopita anajua, alikuwa anashindwa kuniambia."

Tangu wiki iliyopita. Kwa hiyo hadithi ilitangulia Mombasa kabla mimi sijaitwa Al-Murabba. Alikuwa ameshawatayarisha watu wa nyumbani, ili siku nitakapolalamika nionekane mgonjwa anayemchukia aliyemwokoa. Nilimweleza mke wangu ukweli, kuhusu sukari na kuhusu Quwaiya. Alinisikiliza mpaka mwisho, basi likiunguruma.

"Nakuamini," alisema mwishoni. "Lakini ungeniambia mimi kwanza, wangekosa cha kuanzia."

Nikamwambia ni kweli.

Jeddah nilipimwa. Daktari yuleyule Mmisri aliandika kwamba sukari yangu imetulia na nguvu ninazo. Nikapeleka ofisini, wakaipokea, wakasema vizuri, na kesho yake nikapangwa bandarini kama kawaida. Kiti kilikuwa kimeshapata mwenyewe.

Safari za karibu zina uchovu wa namna yake. Unasimama foleni ya geti, unaingia, unabebeshwa kontena, unatoka, unazuiwa kuingia mjini saa za malori marufuku, unashusha yadi, unarudi foleni ileile. Jasho la Jeddah halikauki, unalivaa kama shati la pili. Huna barabara ya kunyoosha mguu wala mawazo. Sauti za mke wangu nilianza kuzisikiliza kwa vipande, nikiwa nasubiri mtu anipungie mkono nisogee. Jioni nikirudi chumbani, pale "nyumbani" tulipoahidiwa, nilikuta kitanda cha mwanyumba kimetandikwa, kinasubiri.

Alikuja Ijumaa moja baada ya swala, ameshika samaki wa kukaanga kutoka Balad, mji wa kale, wale ninaowapenda. Wenzetu wa chumbani wakatoka mmoja mmoja kama waliokubaliana. Akaweka samaki mezani.

"Niliogopa," alisema. "Ukweli ni huo. Tangu uliponiambia pale Dhalim, kila ukipunguza mwendo nilikuwa nakurupuka. Nina watoto wadogo."

"Ungeniambia mimi."

"Wewe ungesema nini? Ungesema daktari amekuruhusu."

"Ningekuachia uchague mtu mwingine. Hofu si kosa. Na kuanguka kwenye usukani, hilo pia ni hofu?"

Alikaa juu ya kitanda chake, mikono katikati ya magoti. "Nilipomwambia mudir una sukari, alisema sukari tu haitoshi. Akasema, kama kuna tukio, gari litaandikwa kwangu. Basi nikampa tukio." Aliinua uso. "Nilidhani watakupa safari za karibu, upumzike. Si umepumzika?"

Hapo nilisimama. Nilitaka kumpiga, nikairudisha mikono nyuma ya mgongo. Nilikumbuka usiku wote niliolala nyuma yake huku nimemkabidhi shingo yangu, na yeye mbele akiimba maulidi na kutunga Quwaiya yake. Nilimwambia, "Wewe uliogopa kulala nyuma yangu. Mimi sikuogopa kulala nyuma yako. Angalia nani alikuwa hatarini."

Wiki ile nikahamia chumba cha Wasudani. Samaki sijui nani aliwala.

Baada ya miezi mingi mudir wa Jeddah mwenyewe aliniita. Madereva wa safari ndefu walikuwa wamepungua, wengine wameshindwa na kazi ya wawili wawili, na karatasi zangu za daktari zilikuwa safi. Akanipanga na Msudani mmoja wa chumbani kwetu, mtu mzima, dereva ambaye ukimwekea glasi ya maji mbele haimwagiki. Tukaenda Riyadh. Zamu yake ilipofika nikalala nyuma, nikafunga mkanda, nikafumba macho. Sikupata usingizi. Si kwenda, si kurudi. Kila gia niliisikia. Mara ya pili vivyo hivyo. Nilifika Jeddah macho mekundu, na Msudani akanitazama kwa huruma.

"Ndugu yangu, nimekukosea nini?" aliniuliza.

"Hujanikosea kitu," nilimjibu. "Wewe ni dereva mzuri kuliko mimi."

Nikaenda kwa mudir, nikaomba mwenyewe nirudishwe safari za karibu. Alidhani ni ugonjwa. Nikamwacha adhani.

Nyumbani wanataka yaishe. Mama mkwe hupiga simu, anasema nyinyi ni waume wa nyumba moja, mimi nimebaki mjane, mnataka nizikwe na pande mbili? Mke wangu na mdogo wake walinuniana kwa muda, kisha mdogo akajifungua, na mtoto hana kosa, wakarudiana. Mimi nimesema nimesamehe, na nikisema hivyo sidanganyi. Simwombei mabaya. Nikisikia upepo mkali huko Dhalim, bado najikuta nataka kumpigia nimkumbushe apunguze mwendo.

Majuzi tulikutana kwenye foleni ya geti la bandari, malori yetu ubavu kwa ubavu. Yeye amenenepa, ana mwenzake mwingine tena, wa tatu sasa. Aliteremsha kioo akanisalimia, akaniuliza habari za sukari. Nikamjibu salamu yake, maana salamu ni haki, nikamwambia sukari iko vizuri. Akasubiri niongeze neno. Gari la mbele yangu likasogea, nami nikasogea.